Mke Niliyekuwa Nikimtolea Mfano

Mwanangu Skola,

Zamani tulipoandika barua tulianza kwa kusema kwamba sisi huku ni wazima, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali. Wewe hupo mbali. Uko chumba cha pili, umekalishwa kwenye kigoda, msusi anakuvuta nywele na unamlalamikia kwamba anakaza sana. Nakusikia kila neno. Ni saa kumi jioni, mama zako wadogo wako uani wanamenya vitunguu vya kesho na wanabishania sufuria ipi ni ya nani. Sisi ni wazima kabisa. Hofu na mashaka ni kwako.

Sitakuandikia habari za kupika wala za kumpokea mume mkoba. Hayo ulipewa kwenye kichen pati mpaka yakazidi, na nusu yake waliokupa hawayafanyi majumbani kwao. Nataka kukuandikia kile nilichoshindwa kusema juzi kwenye sendofu, sherehe ya kukuaga. Mshereheshaji aliponiita mbele nikupe wosia, aliwaambia watu wakae vizuri kwa sababu sasa anasimama mwenyewe. Alikuwa na haki. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyeitwa kuzungumza na mabibi harusi, kuanzia Mbagala hadi Kunduchi, na wanawake walikuwa wanacheka na kulia na kuinuka kunitunza. Juzi nikashika kipaza sauti, nikakutazama, nikasema, "Nawapenda, chakula kipo tayari." Ukumbi mzima ukacheka. Walidhani ni uchungu wa mama anayeozesha. Uchungu ulikuwepo, ila haukuwa huo.

Unamkumbuka Dativa? Ulikuwa darasa la tano. Huenda unakumbuka mikono yake tu, kwa sababu alilala kitandani kwako siku tatu, na kwa siku hizo tatu alikuwa anakusuka, anakufumua, anakusuka tena, maana hakujua la kufanya na mikono hiyo. Alikuwa jirani yetu hapa hapa Mtoni, nyumba ya tatu, mke wa Anselmi mchongaji. Wote wawili ni watu wa kwetu kusini. Ule msalaba mkubwa wa kanisa letu la kigango aliuchonga Anselmi, hakutaka malipo, na watu walimheshimu sana.

Alikuja Jumamosi asubuhi, jumuiya yetu ya sala ikiwa imekaa sebuleni kwetu na tumeshafika kwenye maombi ya kila mtu. Alikuwa na kandambili moja mguuni na amejiziba mdomo kwa kanga. Akasema mbele ya wanawake wote, "Mie sirudi tena. Ataniua yule." Wenzangu wakanigeukia mimi, kwa kuwa mambo ya ndoa yalikuwa yangu. Nikamshika mkono nikamwingiza chumbani, nikamkalisha, nikaanza. Nilimwambia kwamba Bwana alipoulizwa tusamehe mara ngapi hakutupa idadi ya kufika tukapumzika. Nilizungumza vizuri sana siku ile, Skola, nakumbuka hata mimi mwenyewe nilijipenda. Dativa akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Mama Skola, huyo aliyeuliza swali hilo, alikuwa anapigwa?"

Nikamcheka. Nikamwambia asichanganye mambo ya Mungu na hasira zake.

Siku ya tatu Anselmi akaja na wazee wawili na kreti ya soda. Akapiga magoti kwenye lile zulia letu la kijani, akalia, machozi ya kweli kabisa. Mwanamume mzima akipiga magoti sebuleni kwa watu, sisi wanawake tulikuwa tumekwisha. Nakumbuka mmoja wetu alimletea maji. Kuna jambo ambalo sikuligundua mpaka miaka ilipopita: hakuna aliyemuuliza Dativa. Tulimwambia tu, "Umeona? Mungu ametenda," kisha tukafungua soda.

Unajua kwenye jumuiya yetu mke aliyeondoka kwa ugomvi harudi kimyakimya. Anarudishwa. Tulivaa sare zetu za vitenge, tukabeba mchele, kuku na beseni jipya, tukaimba kutoka mlangoni kwetu hadi kwake ili mtaa mzima ujue yameisha. Nyumba tatu tu, lakini tulizunguka njia ya mbali makusudi, nyimbo zipate muda. Tulipofika kizingitini tukapiga vigelegele. Dativa alikuwa amenishika mkono wangu wa kushoto, na alinibana mpaka pete ikaniuma. Akasema taratibu, "Kesho utapita kuniona?" Nikamjibu, "Nisipite niende wapi?"

Kesho yake nilikuwa na kichen pati Kunduchi, kwenye hoteli ya ufukweni, watu wenye nafasi zao. Nikasimama nikafundisha juu ya uvumilivu. Nikawatolea mfano wa mke fulani, sikumtaja jina, aliyekimbia kwake, akashauriwa kwa Neno, akasamehe, akarudi, na nyumba yake ikapona. Wanawake walisimama kunishangilia. Nilirudi jioni miguu imevimba, nikaona taa ya kwa Dativa inawaka, nikasema nitapita asubuhi.

Asubuhi nikaitwa mimi. Anselmi alisema mkewe ameteleza bafuni.

Nilimwosha pamoja na wanawake wengine watatu wa jumuiya. Sitakuandikia nilichokiona, isipokuwa kwamba mtu hatelezi bafuni kwa miaka minne, na mwili ule ulikuwa na majeraha ya zamani na ya karibuni. Tuliona wote wanne. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mmoja wetu akasema gauni la mikono mirefu litampendeza zaidi, tukamvika la mikono mirefu. Tulipotoka nje, mjumbe wa shina alikuwa amesimama chini ya turubai na daftari lake, akaniita pembeni. "Mama, nyie ndio mliomwosha. Kuna lolote la kusema?" Nikatazama kule alikokaa Anselmi analia, watu wamemzunguka, nikafikiria kigango, nikafikiria msalaba, nikafikiria jina langu. Nikasema, "Marehemu aliteleza."

Baadaye nilikwenda kwenye kitubio nikayasema yote. Padre akaniondolea dhambi, kisha akaniambia niende kwa mjumbe nikaseme ukweli. Lile ondoleo nililipokea. Kwa mjumbe sikwenda. Anselmi alirudi kusini, na mwaka haukuisha tukasikia ameoa tena. Hata huyo mwanamke sikumtumia neno. Mara nyingine nikiwa nafua namfikiria, simjui hata sura.

Na hapa ndipo nataka usome polepole, mwanangu, hata kama msusi anakuharakisha. Sikuacha kufundisha. Ungetegemea mtu aliyemvika mwenzake gauni lile akae kimya maisha yake yote, lakini wiki sita baadaye nilialikwa Tandika na nikaenda. Walikuwa wamesikia ule mfano wa mke aliyevumilia. Waliuomba. Nikautoa. Nikautoa Tandika, nikautoa Yombo, nikautoa mpaka ukawa ndio jina langu. Nimemtolea mfano Dativa kwamba nyumba yake ilipona, huku nikijua alipolala. Nilijidanganya kwamba mfano unasaidia watu. Ukweli ni kwamba ulinisaidia mimi. Kila nilipousimulia, Dativa alikuwa anarudi kwake na mambo yanakwisha vizuri.

Na wewe ulikuwa hapo. Nilikuwa nakwenda na wewe ili unishikie pochi, kwa kuwa baba yako alikuwa safarini mara kwa mara na sikutaka ubaki peke yako. Ulikaa kiti cha mbele, pochi mapajani, na midomo yako ilikuwa inatembea pamoja na yangu. Ulikuwa umeukariri wote. Nilijivuna. Nilimwambia baba yako kwamba huyu atakuja kunirithi.

Baba yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kuninyanyulia hata sauti. Akikasirika alikuwa anachukua fagio anakwenda kufagia uwanja, na wewe ulikuwa unacheka kwamba leo uwanja utang'aa, mama kaharibu. Ndiyo maana nasema nilifundisha uvumilivu ambao mwenyewe sikuwahi kuutumia. Ungeniuliza siku zile nivumilie nini, ningekutajia kukoroma.

Sasa tuje kwa Deo.

Sina ubaya naye wa kuanzia. Hanywi, anasali, ana duka lake la vifaa vya ujenzi Kibada na analiendesha vizuri. Shikamoo yake ni ya kuinama kabisa. Mama zako wadogo wanampenda kuliko wanavyonipenda mimi. Nami nilimpenda, mpaka ile Jumapili ya Matawi alipokuja kula kwetu. Ulimwaga maji ya ukwaju. Hukummwagia yeye, yalimwagika kwenye kitambaa cha meza. Deo hakusema kitu. Aliinua macho, akatabasamu, akaweka kijiko chini taratibu. Ukasema samahani. Ukasema tena. Ukasema mara ya tatu. Meza ni yangu, kitambaa ni changu, na samahani zote tatu ulimpa yeye. Niliwahi kusikia samahani za namna hiyo, nyumba ya tatu kutoka hapa.

Tangu siku ile nikawa naangalia. Kuna jioni nilikuwa jikoni, wewe uko uani unaanua nguo, nami kwa uvivu wangu wa kuita nikakuandikia kwenye simu uniletee beseni. Jibu likaja hapo hapo: "Tumsifu Yesu Kristo mama, nimekupata, nakuja sasa hivi." Nikatazama dirishani. Ulikuwa na shuka mikono yote miwili na pini za nguo mdomoni. Hukuja, kwa sababu hukuwa wewe. Nilipokuuliza, ulisema kioo cha simu yako kimepasuka na Deo ameiweka laini yako kwenye simu yake mpaka kitengenezwe. Hiyo ni miezi mitatu iliyopita, na yeye anauza mpaka vioo vya madirisha.

Halafu Kimbiji. Mwezi jana alikuja kunichukua nikaione nyumba atakayokuweka. Lami iliisha, tukaingia barabara ya mashimo, tukaenda, tukaenda, nikawa nahesabu nyumba kwa upande wangu mpaka nikakosa za kuhesabu. Nyumba ni nzuri, sitasema uongo. Vyumba vitatu, bati la rangi. Madirisha hayajawekwa vioo, milango ya ndani bado, lakini ukuta wa nje umekwisha, mrefu kunipita, na geti la chuma limefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao yeye. Nikamuuliza mbona ameanza na ukuta. "Usalama, mama. Huku kuna watu wabaya." Nikamuuliza majirani wako upande gani. Akacheka. "Ndio uzuri wake, mama. Hakuna wa kutuingilia."

Nikamwambia nakwenda kuangalia choo. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikasimama, nikaliita jina lako kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayeungua. Nilitaka kujua nani atatokea. Alitokea yeye peke yake, amekunja mikono ya shati. Akauliza, "Mama, umeita?"

Nilirudi nyumbani nikakwambia hofu yangu. Ulikuwa unapiga pasi, hukuacha kupiga pasi. Ulisema, "Mama, kila ndoa ina yake. Deo ana hasira, najua, mie namwombea. Wewe mwenyewe si ndiyo ulikuwaga unafundisha? Yule mke uliyekuwa unamtolea mfano, si alivumilia na nyumba ikapona?"

Nilitakiwa kukwambia pale pale. Badala yake nikasema maji ya chai yanachemka. Leo nakwambia. Mke yule ni Dativa. Baada ya mimi kumrudisha kwake aliishi siku moja na nusu.

Basi matangazo yenu ya ndoa yakasomwa Jumapili tatu, na kila Jumapili katekista alisema mwenye kujua kizuizi asinyamaze. Nilikaa benchi la tatu, mara zote tatu. Nilipitisha kichwani vizuizi vyote tunavyofundishwa na sikukiona changu. Hofu ya mama haimo. Namna mtu anavyoweka kijiko chini haimo.

Sikuachi na mahubiri, nimehubiri vya kutosha. Nitakwambia tu kitu ambacho nilikiona nimechelewa, wakati nimeacha kutafuta maneno ya kusemea kwenye kipaza sauti. Huyo aliyetufundisha kusamehe, watu wa mji wake walipomkokota mpaka ukingoni mwa mlima wamtupe, hakukaa avumilie. Alipita katikati yao akaenda zake. Na alipokuwa mchanga, baba mlezi wake alipoambiwa kuna anayemtafuta mtoto amwue, hakuambiwa asamehe kwanza. Aliambiwa amchukue mtoto na mama yake, waondoke. Kusamehe ni kazi ya moyo na unaweza kuifanya ukiwa umbali wowote, hata ukiwa Mtoni na yeye yuko Kimbiji. Mimi nilichanganya kusamehe na kurudi. Nilivichanganya kwa sababu nyimbo za kumrudisha mtu ni nzuri na sare inanipendeza.

Na kuna hili la unyenyekevu. Ukimnyamazia mtu kwa kumpenda, mwili wako unakuwa mwepesi, nakwambia kwa sababu baba yako nilimnyamazia hivyo na alininyamazia hivyo. Ukimnyamazia kwa kumwogopa, unaanza kusikiliza hatua zake kabla hajafika mlangoni. Wewe umeshaanza. Gari likipita barabarani kwetu unatulia kwanza, uma uko hewani, mpaka lipite. Naogopa, Skola. Sijui namna nyingine ya kuandika. Usiku silali vizuri na mchana nakutazama shingo.

Kesho padre atakuuliza kama umekuja kwa hiari yako, bila kulazimishwa na mtu. Watu huwa wanalipita swali hilo mbio kwa sababu wanasubiri pete. Hilo ni swali kweli, mwanangu, na lina majibu mawili. Ukichagua la pili, mimi nitasimama benchini nije nikushike mkono, na pilau tutakula wenyewe. Hao mama zako wadogo watasema mwaka mzima, waache waseme, wana vitunguu vya kutosha kulilia. Na ukichagua la kwanza, nitapiga vigelegele kama mama yeyote, na sitakulaumu. Ila siku ukija, hata ikiwa wiki ya kwanza, hata ikiwa kwa sababu ya kutazamwa tu, sitakuuliza ulimfanya nini. Jumuiya sitaiita. Wazee wakija na kreti ya soda, watainywea barabarani.

Nakupenda. Juzi nilikwambia hivyo kupitia kipaza sauti nikijumlisha na ukumbi mzima, sasa nakwambia peke yako.

Haya yanayofuata si yako, Skola. Ni ya Deo.

Deo, mwanangu, barua hii nitamkabidhi Skola mkononi jioni hii, lakini najua utaisoma, na huenda amekupa uisome kabla yake. Sijakasirika. Nilipoanza kuandika nilijua nawaandikia watu wawili. Kama nimekuonea, siku nitakapolijua hilo nitapiga magoti mbele yako na jumuiya nzima ikitazama, nikuombe radhi, na sitakuwa nimewahi kufurahi hivyo tangu nimzae huyu mtoto. Omba niwe nimekuonea. Mimi naomba hilo kila siku. Na kama sijakuonea, kusamehe nitakusamehe, kwa kuwa nimeagizwa na sina ujanja. Lakini nitakusamehe nikiwa nimeshamtoa humo ndani, na nitakuwa nimeshasema kwa kila anayeuliza na asiyeuliza.

Ukimaliza kusoma, mpe Skola barua yake. Kama kesho atakuwa mkeo, Jumatatu nitakuja Kimbiji, sihitaji kufuatwa na gari, nimeshaijua njia. Nitakaa naye uani, wewe ukiwa dukani, na nitamuuliza nilimwandikia nini.

Mama yenu